Yadi Sitini na Nne

Nakumbuka siku moja nilipokata kamba isiyo yangu. Ilikuwa kamba ya katani, imekunjwa vizuri na kuwekwa nyuma ya mlango wa stoo ya shule, na kisu chenyewe nilikiazima kwa mpishi. Kitendo hakikuchukua muda wa kumeza mate. Lakini, mwanangu, mambo mengi yanayomwaibisha binadamu huingia upesi. Kutoka ndiko kugumu, kama mwiba wa samaki kooni.

Ilikuwa miaka ya hamsini, enzi za Mzungu, nami nilikuwa kijana wa kama miaka kumi na saba. Usiushangae umri huo. Sisi tulianza shule tukiwa tayari tunajua kulima na kupiga kasia. Kwetu ni Ndera, kwa Wapokomo wa mto Tana, na shule yetu ya kati ilikuwa karibu na Garsen, kwa hiyo sisi tuliotoka mbali tulilala bwenini. Kila mmoja alikuwa na sanduku lake la bati. Kufuli la sanduku langu lilikuwa limevunjika, na vijana wa bweni unawajua, sukari haikai. Nikatafuta kitu cha kulifungia, nikaiona ile kamba. Nikakata kipande cha pima moja, yaani urefu wa mikono yangu miwili niliyoinyoosha, nikapiga fundo kwenye ncha ya ile iliyobaki ili isifumuke. Nikalifunga sanduku langu, nikasahau.

Kitanda kilichofuata changu kilikuwa cha Galgalo. Yeye alikuwa Muorma, mtoto wa wafugaji, mrefu, mwembamba, mwenye maneno machache. Kiswahili alikisema polepole kama mtu anayehesabu ng'ombe wanaoingia zizini. Baba yake hakuipenda shule. Alikuwa amekwisha kusema kwamba mwisho wa mwaka ule Galgalo atarudi mbugani kuchunga, kwani yeye hakuona kitabu kinampa mtoto nini ambacho ng'ombe hawezi kumpa. Tulikuwa marafiki, mimi na Galgalo. Kila jioni tulikimbia pamoja hadi kwenye kivuko na kurudi, na mara nyingi tulifika bega kwa bega.

Mwaka ule zikaja habari za michezo ya shule za Pwani nzima, itakayofanyika Mombasa. Wilaya yetu ingepeleka mkimbiaji mmoja tu wa maili. Mmoja, mwanangu, katika mto wote ule mrefu! Na ilisemekana kwamba wakuu wa shule za sekondari huja kutazama, na kijana aliyewapendeza huweza kupata nafasi ya kuendelea na masomo. Siku hizo mtoto wa Tana kuingia sekondari ilikuwa kama kuokota pete kwenye tope.

Mchujo ulikuwa ufanyike mahali pamoja, wote wakimbie pamoja. Lakini mto ulikuwa umefurika na kuikata barabara kati ya Garsen na Kipini. Ikaamuliwa basi kwamba shule za upande wa chini wa mto zikimbie Kipini, za upande wa juu zikimbie kwetu, kisha nyakati zilinganishwe. Mwenye wakati mfupi kuliko wote ndiye aende. Saa ya mbio, ile ya kubonyeza, ilikuwa moja tu. Ikatumika Kipini kwanza, halafu ikaletwa kwetu na tarishi kwa mtumbwi, imeviringishwa kitambaa kama hirizi, pamoja na karatasi ya matokeo. Kule Kipini alikuwa ameshinda kijana mmoja aitwaye Athman.

Mwalimu wetu wa michezo aliitwa Karisa, Mgiriama wa upande wa Malindi. Alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani, kaptula yake imepigwa pasi hata siku ya kufyeka nyasi. Alikuwa ameazima futi ndefu ya ofisi ya wilaya, akapimia kamba moja ya yadi hamsini na tano kamili, kisha futi akairudisha. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: kamba ile mara nane ni mzunguko mmoja wa uwanja, na mizunguko minne ni maili moja. Siku moja kabla ya mbio alituita.

"Buya, Galgalo, nendeni mkapime uwanja. Mara nane. Msivute, msilegeze."

Akaingia stoo, akatoka na kamba begani. Nikaliona fundo langu.

Mwanangu, nikatazama kando. Mwalimu Karisa hakuwa mtu wa kupiga ovyo, lakini fimbo alikuwa nayo, na kamba ile aliipenda kama wengine wanavyoipenda baiskeli. Ningesema pale pale ningepata viboko vyangu vinne na jambo lingekwisha kabla ya uji wa saa nne. Sikusema. Nilijiambia kwamba pima moja si kitu, na uwanja ni mkubwa. Galgalo akashika ncha moja, mimi nikashika ncha yenye fundo. Alikuwa akipiga magoti kila mara, anaweka kigingi mahali hasa kamba ilipofika, anaita, "Tayari!" Mara nane aliita. Kwa uaminifu ule aliofanyia kazi, ungedhani anapima shamba la yatima.

Kesho yake tukakimbia. Shule tatu zilikuwepo, vijana kumi na mmoja, miguu mitupu kwenye udongo mweusi uliokauka, mstari umechorwa kwa majivu. Niliongoza tangu mzunguko wa pili. Mwishoni nilisikia pumzi ya Galgalo nyuma ya sikio langu, inakuja, inakuja, kisha nikaukata utepe. Mwalimu Karisa akaitazama saa mara tatu, akaitia sikioni kuona kama bado inatembea. Nilikuwa nimempita Athman wa Kipini kwa sekunde sita.

Nikabebwa. Juu ya mabega ya watu ndipo hesabu iliponijia, bila kuitwa. Pima moja ni yadi mbili. Mara nane ni kumi na sita. Mara nne ni sitini na nne. Nilikuwa sijakimbia maili. Nilikuwa nimekimbia maili pungufu ya yadi sitini na nne, na mtu wa kuzikimbia yadi hizo kwa sekunde sita hajazaliwa. Nikayajua hayo yote nikiwa nimebebwa, mwanangu, na bado nikapunga mkono.

Mwalimu akaandika matokeo, akatia saini, tarishi akayachukua. Habari zikapanda mto hadi Ndera kabla ya siku mbili. Mama yangu akatuma mchele na ndizi za kuchoma, watu wakasema mwana wa mkulima atapanda lori la serikali. Baba yangu alikuja shuleni amevaa kanzu yake ya sikukuu, akampa Mwalimu Karisa mkono kwa mikono miwili. Sikuweza kumtazama usoni. Akadhani ni adabu.

Siku ya nne tangu mbio, mtumbwi ukafika Garsen kutoka chini, na ndani yake alikuwemo kijana mmoja wa makamo yangu, mweupe wa meno, kofia ya kufuma kichwani. Alikuwa amekuja kumwona shangazi yake aliyeolewa Garsen, lakini kwa shangazi alitua mzigo tu, akaja moja kwa moja shuleni akiuliza, "Buya ni yupi?"

Nikatoka. Akanipa mkono, akacheka. "Mimi ni Athman. Nimekuja kumtazama mtu aliyeniacha sekunde sita."

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye hakuona. Alifungua kitambaa akatoa viatu vya raba, vyeupe, vimepakwa chokaa vizuri. "Hivi vya mjomba wangu, alipewa na baharia. Nilivipata ili niende navyo Mombasa. Nasikia kule uwanja wao una changarawe, na wenzetu wa mjini hukimbia na viatu. Sasa mimi siendi. Wewe ndiye unakwenda, basi na viende."

"Siwezi kuvichukua," nikasema.

"Kwani umeniibia? Umenishinda. Ukishinda wewe Mombasa, ni mto wote umeshinda, juu na chini."

Mwanangu, nimeishi miaka mingi, na watu wema nimewaona. Lakini mtu anayekuja kwa mtumbwi, akibishana na mkondo siku mbili, ili amvishe viatu aliyemnyima safari, huyo nimemwona mmoja. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Athman alikuwa mshindani kuliko sisi sote, na tena alikuwa hajashindwa.

Akaomba tukimbie kidogo, kujinyoosha tu. Tukazunguka uwanja mara moja, mimi, yeye na Galgalo. Niliona midomo yake inacheza. Tulipomaliza akasimama, akashika kiuno, akautazama uwanja kutoka kigingi hadi kigingi. Galgalo alipokwenda kunywa maji, Athman akanisogelea.

"Mimi nina ada ya kuhesabu hatua," akasema taratibu. Watu wa Kipini husema karibu na Waamu, njia huiita ndia, na Kiswahili chao kina utamu wake. "Kwetu, ndia ya kuzunguka mara moja ni hatua mia mbili na thelathini, sizidi mbili wala sipungui mbili. Hapa zimepungua nane."

Niliinama, nikapangusa udongo mguuni.

"Labda ni udongo," akasema. "Kwetu ni mchanga, unavuta mguu. Udongo mgumu hurefusha hatua." Akanitazama, wala si kwa ukali. Alikuwa amenifungulia mlango wa kutokea, akasimama kando. Kisha akaviweka viatu kando ya kigingi, akasema atamsalimu shangazi yake, akaenda zake. Hakumwendea mwalimu. Hakupiga kelele. Jambo lilikuwa langu, akaliacha mikononi mwangu.

Nikabaki na viatu vile. Nilikwenda bwenini, nikakifungua kile kipande cha kamba kwenye sanduku, nikashika njia ya nyumba ya Mwalimu Karisa. Ilikuwa alasiri, alikuwa barazani anasahihisha madaftari. Nikakiweka kipande juu ya meza, nikaeleza yote tangu kisu cha mpishi. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipokwisha, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kwa kukata kamba ningekupa viboko," akasema. "Kwa kule kunyamaza, Buya, sina fimbo inayotosha." Kisha akasema neno ambalo mpaka leo nikilala hunijia. "Njia ya mwongo ni fupi. Hii yako tumeipima. Ni fupi kwa yadi sitini na nne."

Nilidhani atakasirika, atanifukuza, au pengine, na hili nalikiri, nilitumaini moyoni kwamba atasema basi, tumekwisha kupeleka karatasi, tunyamaze wawili. Nani angemlaumu? Ofisi ilikuwa imempongeza kwa barua. Shule yetu changa ilikuwa imepata jina. Alikuwa mgeni katika mto ule, na wenyeji walikuwa wameanza kumpenda kwa sababu yangu. Mwamba ngoma huvutia kwake. Ndivyo dunia ilivyo.

Asubuhi akapiga kengele, akakusanya shule nzima uwanjani. Akamwita Galgalo apime kamba kwa futi, kwani alikuwa ametuma mtu alfajiri aende akaiazime tena. Ikawa yadi hamsini na tatu. Akawaambia wote: "Uwanja huu ulikuwa mfupi. Mimi ndiye niliyetoa kamba bila kuipima upya, na saini ni yangu. Matokeo yetu nimeyafuta. Barua imeondoka." Jina langu hakulitaja. Ilibidi nilitaje mwenyewe. Nilitoka mstarini, nikasema ni mimi niliyeikata na ni mimi niliyejua. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mimi siku ile nilijifunza kuchutama mbele ya watu mia moja.

Galgalo alikuwa bado ameshika futi. "Ulijua siku ya kupima?" akaniuliza.

"Nilijua."

"Mimi nilishika upande wa pili," akasema. Hayo tu. Akaikunja futi polepole, akampa mwalimu, akarudi mstarini. Ningependa angenipiga.

Sasa, ofisi ilijibu upesi, kwa kuwa lori lilikuwa liondoke siku ya tatu yake: kama vijana wapo, wakimbie tena pamoja, uwanja mmoja, mbele ya karani wa wilaya. Athman alikuwepo kwa shangazi yake. Galgalo alikuwepo. Watu wakauliza juu yangu. Walimu wengine walisema nifungiwe, na walikuwa na haki kusema hivyo. Mwalimu Karisa akamwita Athman, akamwambia, "Wewe ndiye uliyedhulumiwa. Sema."

"Akimbie," Athman akajibu. "Asipokuwepo, watasema nimeshinda karatasi. Nataka kumshinda Buya."

Siku ya mbio za pili ilikuwa siku ya mnada wa ng'ombe Garsen, na watu walikuwa wengi. Wazee wa kwetu walikuwa wameteremka kuniaga. Wakakuta hakuna wa kuagwa. Mjomba wangu mmoja alimwendea Mwalimu Karisa kwa hasira. "Mwalimu, kosa la mtoto lingekaa nyumbani. Ya nini kulitembeza barabarani?"

"Mzee wangu," mwalimu akasema, naye ameinamisha kichwa kwa heshima, "lingekaa nyumbani lingezaa."

Baba yangu alikuwa amesimama pembeni na kanzu ile ile. Akamshika mjomba mkono, akamvuta nyuma.

Baba yake Galgalo naye alikuwepo, kwa sababu ya ng'ombe wake, si kwa sababu yetu. Alisimama na fimbo mabegani, mikono imening'inia juu yake, kama mtu anayepitisha wakati mpaka bei ipande.

Mwalimu Karisa akapima uwanja mwenyewe kwa futi ya serikali, karani wa wilaya akiitazama, na Athman na Galgalo wakiifuata kila hatua. Vigingi vikasogezwa. Mstari wa zamani wa majivu aliuacha makusudi, akachora mwingine yadi sitini na nne mbele yake, wa kuanzia na wa kumalizia. Kati ya ile mistari miwili palikuwa na kipande cha ardhi kirefu kuliko nilivyodhani. Nakwambia, mwanangu, dhambi ukiihesabu kwa kichwa huwa ndogo. Ilaze chini uione.

Tukakimbia watatu, kwani wale wa shule nyingine walikuwa wamekwisha kurudi makwao. Nilikimbia siku ile kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na nasema hivyo bila kujisifu, kwani nilikuwa nakimbia aibu. Mzunguko wa kwanza Athman aliongoza, midomo inahesabu. Wa pili nikamfikia. Wa tatu tukawa sambamba, na Galgalo nyuma yetu kama kivuli. Wa nne nikajitupa. Watu wa Ndera walisahau hasira zao, wakapiga kelele. Nikaona mstari wa zamani unakuja, nikaukanyaga, na hapo, mwanangu, nilikuwa wa kwanza. Nilikuwa wa kwanza wazi kabisa, kwa hatua mbili.

Kisha zikabaki zile yadi sitini na nne.

Kifua changu kikafunga. Miguu ikawa ya mtu mwingine. Na kutoka nyuma ikaja ile pumzi niliyoisikia sikioni siku ya kwanza, ila sasa ilikuwa na mahali pa kwenda. Galgalo akampita Athman, akanipita mimi, shingo imenyooka, bila hata kututazama, akaupita mstari mpya akiwa peke yake. Athman akawa wa pili. Mimi nikawa wa tatu, yaani wa mwisho.

Nikaanguka pale majivuni, na nilipokuwa nimelala ndipo nilipoelewa jambo ambalo halikuwa limenipitia akilini hata mara moja. Siku zote zile nilidhani nimemdhulumu mtu wa Kipini, mtu wa mbali nisiyemjua. Kumbe aliyeibiwa alikuwa anayelala kitanda cha pili, aliyepiga magoti na kuweka vigingi. Nguvu za Galgalo zilikuwa mwishoni mwa njia, na mimi ndiye niliyeukata mwisho wa njia.

Wa kwanza kumkumbatia Galgalo alikuwa Athman. Alikuwa anahema, anacheka, machozi yamemtoka kwa sababu alikuwa ameitaka Mombasa sana, na hakuyaficha. "Hatua nimezihesabu zote," akasema, "lakini wewe sikukutia hesabuni!" Kisha akanitazama mimi, nami nikajua anataka nini. Nikakimbia bwenini, nikaleta vile viatu, nikampa Galgalo kwa mkono wangu. Galgalo akavipokea, akavigeuza, akavijaribu. Haukuingia hata mguu mmoja. Nyayo zake zilikuwa pana kama za ngamia. Tukacheka sisi watatu, na kwangu kilikuwa kicheko cha kwanza tangu siku nilipobebwa. Alivivaa shingoni, amevifunga kamba zake, akaenda navyo Mombasa hivyo hivyo na kukimbia miguu mitupu kwenye changarawe. Alikuwa wa nne katika Pwani nzima.

Hakuna mkuu wa shule aliyempa nafasi ya sekondari, nisikudanganye. Lakini siku ile ya mbio, mzee wake alishusha fimbo mabegani, akaja mpaka kwa Mwalimu Karisa. Akasema kwa Kiorma, mtu akatafsiri: "Nimeona umechukua ushindi kwa mtoto wa wenyeji, ukampa wa kwangu, na wewe si wa kwao wala si wetu. Mtoto akae kwako mwaka mwingine." Mwaka mmoja ukazaa mwingine. Galgalo alikuja kuwa mtu wa idara ya mifugo, akawachanja ng'ombe wa mbuga zile kwa miaka mingi, hata wa wale waliokataa kusoma. Athman alikuwa mwalimu Kipini. Alipofariki, watu wa juu ya mto tuliteremka kumzika.

Lakini usidhani mambo yalirudi kama zamani siku ile ile. Galgalo hakusema nami muhula mzima. Alinijibu nilipouliza jambo, kwa adabu, kama unavyomjibu mpita njia. Sikumlaumu. Shule ilipokaribia kufungwa, siku moja baada ya chakula cha mchana, nilikuta kibuyu cha maziwa kwenye kitanda changu, yale ya kwao yaliyofukizwa moshi. Yeye alikuwa amekaa kitandani pake, anatazama ukuta. Nikanywa nusu, nikampa nusu. Akanywa. Akasema, "Siku nyingine ukishika kamba na mimi, uniambie." Nikasema nitakuambia. Na tangu hapo nilimwambia, miaka hamsini na zaidi, mambo mengine hata hakutaka kuyasikia.

Mwanangu, basi sikiliza nasaha yangu, nami sina nyingi. Kesho utasimama kwenye mstari. Nasikia siku hizi wapo wanaokimbia na vyeti vya umri vya wadogo zao, na walimu wanaojua na kutazama pembeni kwa sababu shule inataka kombe. Ukiliona, usingoje mpaka mbio ziishe. Neno la kweli ni jepesi kabla ya kubebwa mabegani. Baadaye huwa zito kama maiti. Na usidhani unayemdhulumu ni yule wa mbali, wa shule nyingine, wa kabila jingine. Dhuluma haina macho ya kuchagua. Mara nyingi humwangukia anayekuamini. Ukikosea, na utakosea, nenda mwenyewe kabla hujaitwa. Hutakufa. Mimi sikufa. Na ukipewa siku moja kuwa mwenye saa, au mwenye kamba, au mwenye kalamu ya matokeo, kumbuka kwamba palikuwa na Mgiriama mmoja mfupi aliyepima upya mbele ya watu, akapoteza sifa kwa wiki moja na kupata heshima kwa maisha yake yote. Hata mjomba wangu yule, alipozaliwa mjukuu wake wa kiume, alimwita Karisa.

Nenda basi. Mwenyezi Mungu akupe pumzi ya kufika mwisho wa njia, mwisho wenyewe. Akikupa ushindi, akupe ule ambao baada yake utaweza kumwangalia baba yako usoni. Na akikunyima, akupe moyo wa kumkumbatia aliyekupita, ukiwa unalia, ukiwa unacheka.